Posa ya Bwawani

Kabla sijamgusa Ezekieli, nataka ujue jinsi watu wa Johannesburg wanavyovua samaki, maana usipolijua hilo utadhani habari yote hii nimeitunga. Nje ya mji kuna mabwawa. Majira ya baridi yakiingia, maji yakawa ya kuuma mpaka mfupani, linakuja lori lenye matangi linamwaga samaki. Wanaitwa trauti. Wamezaliwa kwenye mabeseni huko milimani na wamelishwa kwa mkono. Basi watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wanaamka alfajiri, wanavaa suruali za mpira zinazofika kifuani, wanaingia majini kuwatafuta samaki walewale waliomwagwa wiki iliyopita. Minyoo hairuhusiwi. Samaki anatupiwa nzi wa uongo, kipande cha unyoya na uzi kilichofungwa kwenye ndoana. Ukimpata, unamshangilia, unampiga picha, halafu unamrudisha alikotoka. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Aliyenieleza alikuwa Mzee Zwane, na yeye hakucheka. Mzee Zwane aliishi uhamishoni Morogoro pamoja na marehemu mume wangu, siku zile wapigania uhuru wa huku wakiwa kwetu, na Kiswahili chake hadi leo ni cha Morogoro kabisa. Nchi yao ilipofunguka wakarudi. Mume wangu akanileta mimi, Paulina, binti wa Maneromango, mpaka Kensington, hapa Johannesburg, ambako nina duka la vitenge. Mzee Zwane akamleta binti yake Nomsa. Mama yake Nomsa, shoga yangu, tulikuwa tumeshamzika kulekule Morogoro. Mzee akapata kazi ya udereva kwenye hoteli moja ya milimani, wageni wakamfundisha kuvua kwa nzi, na tangu hapo akili yake haijarudi mjini.

Sasa Ezekieli. Ezekieli Masanja ni Msukuma, mlinzi kwenye jengo la ofisi Braamfontein, mtu mkubwa ambaye akikaa kwenye kiti unakionea huruma kiti. Mkewe alifariki zamani, hana ndugu hapa mjini. Ana mimi, mtani wake. Mimi ni Mzaramo, na Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anakuambia lolote, anachukua chako chochote, na wewe kukasirika ni mwiko. Siku ya harusi yangu watani waliiba viatu vyangu, nikaingia kanisani peku, na havikurudi mpaka baba alipotoa jogoo. Nami Ezekieli namwita mla michembe, vile viazi vikavu vya kwao, mbele za watu, na yeye huwaambia wateja wangu kwamba Mzaramo akisikia ngoma anaacha duka wazi. Tunapendana sana.

Mwaka 2018 Ezekieli aliacha kula. Nikamuuliza ana nini. Ikawa kwamba mkabala na jengo lake kuna kituo cha mabasi ya haraka, na kituoni kuna dada anayekata tiketi, na dada huyo ni Nomsa Zwane. Ezekieli alikuwa anapanda basi kila siku kwenda mahali asipokuwa na shida napo, kisha anarudi kwa miguu. Kumbe hata Nomsa alishamwona, na alikuwa anamwekea kiti cha dirishani.

“Mtani,” akaniambia, “niendee kwa mzee wake. Uwe mshenga wangu.”

“Mimi nikuposee Msukuma? Nikawaambie watu nawaletea ng'ombe au nawaletea mkwe?”

“Waambie vyote viwili,” akasema, na masikio yalikuwa yamemwiva kwa aibu.

Nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda Troyeville kwa Mzee Zwane. Sikwenda kwa wepesi, nikuambie ukweli. Nomsa alikwisha kuolewa mara moja, na yule bwana alikuwa anampiga. Baba yake ndiye aliyekwenda na gari kumchukua, mkono wa Nomsa ukiwa umefungwa kwa kanga. Tangu siku hiyo Nomsa alisema haondoki tena nyumbani mpaka baba yake akubali kwa moyo wake wote. Na baba yake hakukubali mtu. Waliopita pale kuposa walikunywa chai, wakarudi walikotoka.

Mzee akanisikiliza mpaka mwisho. “Shemeji,” akasema, “yule wa kwanza nilimkagua vyeti. Nikamkagua kwa mchungaji wake. Vyote safi. Huyu nitamkagua majini. Kabla bwawa halijafungwa mwezi wa tisa, akamate trauti mmoja kwa nzi, nikimwona kwa macho yangu kwenye wavu. Asipompata, Nomsa anabaki kwangu na tusizungumze tena.”

“Samaki na ndoa wapi na wapi, shemeji?”

“Huyo kijana si wa Mwanza? Wa Mwanza hashindwi na samaki.”

Ezekieli alipoletwa kusalimia, mzee akamuuliza hilohilo. Ezekieli akapiga shikamoo, akameza mate, akasema, “Nimekulia ziwani, mzee.” Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Ezekieli ni wa Maswa. Maswa kuna ng'ombe, pamba na vumbi. Lakini huku ugenini ukisema Msukuma watu wanasikia ziwa, na yeye mapenzi yalikuwa yameshamkaba, angekubali hata kwamba amezaliwa ndani ya mtumbwi.

Basi tukaanza mazoezi. Mzee alimwazima fimbo ya kuvulia, nyembamba inayopinda kama unyasi, tukaenda nayo bustani ya Kensington penye uwanja mpana wa majani. Kwenye ncha ya mshipi tukafunga nyuzi za sufu badala ya ndoana. Kazi ni kuupeleka mshipi nyuma, kungoja, kisha kuurusha mbele ukatue bila kishindo. Ezekieli alikuwa anauchapa hewani kama anafukuza nyani shambani. Kulikuwa na kikundi cha waumini wenye kanzu nyeupe wanaosali pale kila Jumapili. Wakamtazama mtu mkubwa akiichapa hewa bila kusema neno, wakakunja mikeka yao wakahamia upande wa pili. Mlinzi wa bustani akaja kuuliza kama bwana huyu yuko salama. Nikamwambia anatafuta mke. Mlinzi akasema eish, hata yeye, ila hakujua kwamba njia ni hiyo.

Jumamosi ya kwanza bwawani nilivaa wigi langu jipya, refu, jeusi, nililoshonewa na Thérèse, Mkongo mwenye saluni jirani na duka langu. Mshenga lazima apendeze. Ilikuwa asubuhi ya baridi, majani makavu yamefunikwa na barafu nyembamba inayolia chini ya kiatu. Ezekieli akaingia majini na suruali ya mpira iliyombana kila mahali, mzee na Nomsa wakimtazama ukingoni. Mimi nikasimama nyuma yake, karibu, nione vizuri. Mazoezini nilikuwa nakaa pembeni na chai yangu, sikutia akilini kwamba mshipi kabla ya kwenda mbele unatangulia kurudi nyuma. Niliona tu kichwa kimepata ubaridi. Wigi langu likapaa juu ya bwawa, likatua katikati ya maji, likaanza kuelea.

Mzee Zwane alilitazama kwa muda. “Ezekieli,” akasema, “ni ziwa gani hilo ulikokulia?”

Ezekieli akashusha fimbo. “Maswa, mzee. Kwetu ni ng'ombe tu. Ziwa nimeliona dirishani, nikiwa ndani ya basi.”

Nilijua yamekwisha. Nilianza kukusanya vyombo. Nomsa alikuwa amejilaza chali kwenye yale majani ya barafu, anacheka na machozi yanamtoka, hawezi hata kumtetea mwenzake. Mzee akajikuna kidevu.

“Tupa tena,” akasema.

Na hilo likawa neno lake la msimu mzima. Kila Jumamosi tulipanda bakkie yake, ndivyo huku wanavyoita pikapu, mzee na Nomsa mbele kwenye viti, mimi na Ezekieli nyuma na fimbo na chapati, tunatetemeka na kutukanana mpaka bwawani. Kila Jumamosi Ezekieli alitupa. Alinasa mwanzi. Alinasa kofia ya mzee. Alinasa suruali yake mwenyewe, mahali ambapo sitapataja. Siku nyingine trauti alikuja kweli, tukaona mdomo umefunguka, na Ezekieli akafurahi hata akasahau kuvuta. Siku nyingine alivuta kabla samaki hajafika. Ndoana za pale hazina kijino, ukilegeza mshipi kidogo tu samaki anajitoa na kwenda zake. Mmoja alimfikisha karibu ya magoti, tukaanza kupiga vigelegele, akajikunjua, akapotea.

Mzee hakumfundisha lolote wala kumsema. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, mikono mifukoni, anatazama. Aliyekuwa anapandwa na hasira ni mimi. Niliwatukana samaki wale kwa Kiswahili, kwa Kizaramo na kwa Kizulu kidogo ninachokijua. Siku moja nilikitupa kifuniko cha chupa ya chai majini, na mzee akaniambia kwa upole kwamba hicho hawali.

Wigi nalo halikupona. Thérèse akaliangalia, akasema hata maiti hawezi kulivaa. Ezekieli akaniomba nywele za wigi. Usiku kwenye zamu yake akakaa na zile nywele, uzi mwekundu na ndoana, akafunga nzi mmoja mnene, mweusi, mwenye mkanda mwekundu tumboni. Alikuwa na sura ya mdudu ambaye ukimkuta chumbani unalala kwa jirani. Akampeleka kwa mzee. Mzee akamgeuza, akamrudisha. “Kwetu hatuna mdudu wa namna hii,” akasema. “Labda trauti watamwonea shauku.”

Nikasema, “Nywele ni zangu. Akinasa, samaki ni wangu.” Tukacheka wote, tukaendelea na chapati.

Mwezi wa tisa ukafika. Joto likarudi, miti ya Kensington ikaanza kutoa majani mapya, na mwenye bwawa akatuambia maji yamepanda moto, trauti hawayawezi, Jumamosi ijayo ndiyo ya mwisho. Wiki hiyo Nomsa alipita dukani kwangu akitoka kazini. Akashika kitenge, akakiachia, akashika kingine.

“Mama mdogo,” akasema, “asipompata nitafanyaje?”

“Utamwomba baba yako.”

“Siwezi. Baba alilia njia nzima siku ile aliponichukua kule. Anaendesha na analia. Siwezi kumwomba kitu ambacho hakitoki moyoni mwake.” Kisha akacheka, maana Nomsa ndivyo alivyo. “Mwambie Msukuma wako asimame mbali na mianzi.”

Sikulala vizuri wiki ile. Kumchekea mtu ni raha, lakini nilikuwa nimeshawaona wawili hao kwenye kituo cha basi wakigawana embe moja, na nilikuwa nawatakia mema.

Jumamosi hiyo alitupa tangu asubuhi. Hakuna kitu. Saa sita ikapita, jua kali, wavuvi wengine wakakunja vifaa vyao wakaondoka. Saa tisa bado. Nzi wote wa mzee walikuwa wamekwisha kujaribiwa, ndipo Ezekieli akamfunga yule mweusi wa wigi langu. Mzee akainuka, akajinyoosha, akasema anakwenda kwenye bakkie kuleta chai. Akapotelea nyuma ya gari.

Ezekieli akatupa. Na nikuambie, alitupa vizuri. Mshipi ukaenda nyuma, ukangoja, ukaenda mbele, nzi akatua bila kishindo kama tulivyokuwa tunaomba miezi yote. Akauvuta kidogo. Akauvuta tena. Maji yakapasuka, na fimbo ikapinda mpaka ikanywa maji.

“Usilegeze,” nikasema. “Usilegeze, Msukuma, usilegeze, usilegeze.” Nilikuwa nimeshaingia majini na viatu vyangu vya kanisani. Samaki akakimbia kulia, Ezekieli akamfuata. Akakimbia kushoto, akamfuata. Nomsa akachukua wavu wa mkono, akaingia upande wa pili, sketi imemwelea. Ezekieli alikuwa anapumua kwa mdomo. Kidogokidogo akamleta, akamleta, Nomsa akatumbukiza wavu, akauinua. Trauti alikuwemo, mnene, madoadoa mgongoni na mstari wa rangi ya waridi ubavuni. Sijawahi kuona samaki mzuri vile, na mimi samaki huwa nawaona kwenye sahani.

Hapo damu ya kwetu ikanipanda. Mtani wako akipata neema ya namna hii humwachii aile kimyakimya. Unainyakua, naye aikomboe. Nisingefanya hivyo bibi yangu angefufuka anizabe kofi. Nikatia mikono miwili wavuni, nikamtoa samaki, nikamwinua juu ya kichwa.

“Wa nywele zangu huyu,” nikasema. “Mkomboe.”

“Mtani, nakuomba, mzee anakuja.”

“Mkomboe kwanza. Nataka wigi.”

“Utalipata.”

“Refu.”

“Mpaka kiunoni, mtani, mrudishe wavuni.”

Nikacheza. Ndiyo, nilicheza, ndani ya maji, na samaki juu, kwa hatua za kwetu zenyewe. Na yule mnyama, ambaye nzi alikuwa ameshamtoka mdomoni, akajikunja mara moja tu. Akateleza mikononi mwangu, akanipiga shavuni, akaanguka majini. Tukaona mgongo wake. Kisha tukaona maji matupu.

Nomsa alikuwa ameshika wavu mtupu, mkono mwingine mdomoni. Mimi moyo ulishuka mpaka ndani ya vile viatu vilivyojaa tope. Nilimtazama Ezekieli nikingoja, na nilikuwa tayari kwa lolote. Mwiko au si mwiko, mtu ana mwisho wake.

Ezekieli alitazama pale samaki alipopotelea. Akanitazama mimi, na lile kofi la mkia shavuni kwangu. Midomo ikaanza kumtetemeka. Nikadhani analia. Kumbe kicheko kilikuwa kinamtafuta pa kutokea, na kilipotokea kilimwangusha. Alikaa chini ndani ya bwawa, mwili wote ule, maji yakaingia kwenye suruali ya mpira kwa juu, na akazidi kucheka, anapiga maji kwa kiganja. “Amekuzaba,” akasema. “Mzaramo amezabwa na samaki.” Nikaanza kucheka na mimi, na kulia, vyote pamoja.

Mzee Zwane akatokea na chupa ya chai. “Kuna nini?”

Ezekieli akajipangusa uso. Kicheko kikampungua. “Hakuna kitu, mzee,” akasema. “Leo pia sikupata. Tupo mwakani, ukiniruhusu.”

Hakunitaja. Posa yake nilikuwa nimeitupa majini mbele ya macho yake, na hakunitaja. Hapo nilishindwa kabisa. “Anakudanganya, shemeji,” nikasema. “Alimpata. Alikuwa kwenye wavu, mnene, mkono mzima. Mimi ndiye niliyemnyakua kwa utani, akaniponyoka. Muulize Nomsa.”

“Nimuulize nini? Nilikuwa nimesimama nyuma ya bakkie nawaona,” akasema mzee. Akafungua chupa, akamimina chai. “Shemeji, yule wa kwanza, siku timu yake ikifungwa, binti yangu alikuwa anaficha sahani zisivunjwe. Timu tu. Mpira wa kwenye televisheni.” Akamtazama Ezekieli aliyekaa majini. Akapenga kamasi. “Lete watu wako nyumbani, mshenga. Jumamosi ijayo. Waje na njaa.”

Mimi ndiye watu wake wote, lakini sikulisema hilo. Nomsa aliutupa wavu. Akatembea ndani ya maji mpaka kwa Ezekieli, na badala ya kumpa mkono ainuke, na yeye akakaa, pale pale kwenye tope na maji, akamwegemea bega, wakaanza kucheka upya. Mzee akapaza sauti kwamba watoke, wanawatisha samaki. Hakuna aliyemsikiliza.